Sifuri Sita za Namtende

Benadetha Valentini hakuwa mtu wa kukaa. Hata ofisini Lindi, alikofanya kazi ya kupima maji, kiti chake kilikuwa cha kuwekea mkoba. Alisoma amesimama, aliandika ameinamia meza, na chai aliinywa huku akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi. Wenzake walimpa jina la Pangaboi, lile feni la darini, kwa sababu alizunguka chumba kizima bila kwenda popote.

Jumanne ile mzunguko wake ulizidi. Juu ya meza palikuwa na nakala ya barua kutoka kijiji cha Namtende. Kijiji kimeitisha mkutano wa hadhara Alhamisi, saa kumi alasiri. Ajenda ni moja: kumwondoa mtunza tangi la maji, Mboni Likwata, kwa wizi wa unga wa klorini. Ushahidi ni ripoti ya maabara, na chini ya ripoti ile ilikuwapo saini yake yeye Benadetha.

Ripoti yenyewe ilikuwa fupi. Wiki iliyotangulia, yeye na mkuu wake, Injinia Eusebio, walikwenda Namtende, ndani kidogo ukishaiacha Kitomanga, kwa sababu watu huko walikuwa wakiharisha tangu mvua zianze. Walipima maji yanayotoka bombani wakakuta klorini nukta tano, kiasi hasa kinachotakiwa. Kisha wakaingia nyumba sita na kupima maji ya kunywa yaliyochotwa jana yake. Nyumba ya kwanza, sifuri. Ya pili, sifuri. Wakaendelea hivyo hivyo mpaka ya sita.

Walipokuwa wanarudi, Eusebio alicheka peke yake ndani ya gari.

"Umeuona mchezo, Bena? Leo katuona tunakuja, katia dawa. Jana hatukuwepo, hakutia. Na unga ndani ya ndoo unapungua kila wiki kama kawaida. Sasa unakwenda wapi? Unaliwa na mchwa?"

Benadetha alikuwa amechoka, jua limempiga, na hesabu ya mkuu wake ilikaa sawa. Akaandika: Mtunza tangi haweki dawa kila siku. Maneno sita kwa sifuri sita. Akasaini, akafunga faili, akaondoka.

Sasa maneno yale yalikuwa yanakwenda kumvua mtu jina lake mbele ya kijiji.

Kilichomkosesha raha kilikuwa kitu kidogo, tena cha kijinga. Nyumba ya tatu ilikuwa ya kikongwe mmoja, Bi Fauzia. Alipokuwa anamchotea maji ya kupima alilalamika, "Haya maji yenu, mwanangu, bombani hayana neno. Yakilala mtungini yananuka hospitali." Benadetha alitikisa kichwa kwa adabu, akapima, akapata sifuri, akaandika sifuri. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika harufu. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameinusa. Maji yanukaje dawa ikiwa hayana dawa?

Swali hilo alilipeleka kwa Eusebio jioni ya Jumanne. Alimkuta anafunga kompyuta.

"Injinia, naomba kurudi Namtende kesho. Kuna kitu sikukipima vizuri."

"Kipi?"

"Sijui bado."

Eusebio alimtazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyeingia benki. "Hujui bado. Basi ukishajua uniambie. Ripoti umesaini mwenyewe, binti. Hakuna aliyekushika mkono."

"Ndiyo maana nataka kurudi."

"Kesho huna gari wala kibali. Na mkataba wako, nikukumbushe tu kwa upendo, unakwisha Juni."

Mabomba ya mjini yakikauka wiki mbili, hakuna anayeitwa mwizi. Huitwa changamoto, nayo huundiwa kamati, na kamati hunywa maji ya chupa. Ila mama wa kijijini mwenye ufunguo mmoja na ndoo moja ya unga, namba zikikataa tu, siku hiyo hiyo kosa lina jina, na jina ni lake. Benadetha alilijua hilo tangu utotoni. Alizaliwa Newala, juu ya uwanda, ambako maji yalikuwa chini kabisa bondeni na watoto walishuka kuyafuata na kupanda nayo. Mama yake, Natalia, aliwahi kuitwa mbele ya baraza kwa tuhuma ya kuchota nje ya zamu. Hakuchota. Aliyechota alijulikana baadaye, lakini hakuna aliyeitisha baraza la pili. Mama aliendelea kushuka bondeni na jerikani yake, wanawake wakimpisha njiani bila kumsalimia, mpaka miaka ikapita watu wakasahau walichokuwa wamemkasirikia.

Benadetha alichagua maji kwa ajili hiyo. Chuoni Dar es Salaam, mwaka wa mwisho, alikaa miezi minne akipima jambo moja tu: klorini inachukua muda gani kuvishika vitu vyenye asili ya uhai, vitu vya kaboni. Alijaribu sukari, mafuta ya ufuta, maji ya majani yaliyooza, na dawa nyingine zenye majina marefu. Klorini na ndugu zake, bromini na ayodini, ni ukoo mmoja, halojeni, na ukoo huo haujui kutulia. Atomu yao moja ikiachwa peke yake hutafuta wa kushikana naye kwa hali na mali. Lakini haimshiki kila mmoja kwa mwendo ule ule. Wengine huchukua siku nzima. Wengine, kufumba na kufumbua wameshakwisha. Mwalimu wake, Bonaventura, hakumruhusu kupima kitu peke yake hata mara moja. "Ukitaka kujua mbio za mtu," alikuwa akimwambia, "mkimbize na mwenzake ambaye mbio zake unazijua. Uwanja mmoja, filimbi moja. Vinginevyo unapima saa yako tu."

Na Namtende alikuwa amefanya nini? Alipima sifuri sita na hakukimbiza mtu yeyote na mwenziwe.

Jumatano alfajiri aliomba ruhusa ya siku moja kwa ujumbe wa simu, akaizima simu kabla hajajibiwa, akachukua pikipiki ya kaka yake Damiani na kisanduku chake cha vipimo. Barabara kuu ilikuwa tupu. Aliendesha kwa haraka isiyo na sababu, maana mkutano ulikuwa kesho na maji hayakimbii. Alipita Mchinga bila kuuona. Kitomanga alisimama kujaza mafuta, akawa anazunguka pampu mpaka muuzaji akamwuliza kama amepoteza kitu.

Tangi la Namtende limejengwa kwenye mwinuko, na chini yake pana kibanda cha bati. Mboni Likwata alikuwa ameketi mlangoni, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, kanga kiunoni, ufunguo shingoni kwa kamba ya katani. Alimwona mgeni akishuka kwenye pikipiki na hakuinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Ilitoka kavu kama muhogo wa juani. "Umeufuata ufunguo? Ufunguo unatolewa kesho, mbele ya watu. Leo bado wangu."

"Sikufuata ufunguo. Nimekuja kupima tena."

"Kupima tena." Mboni alicheka, lakini macho hayakucheka. "Mwenzetu umezaliwa Newala, nimeambiwa. Huko maji mnayaona yakipita mawinguni. Sasa ndiyo uje kunifundisha mimi maji? Mimi kila siku saa kumi na mbili asubuhi natia kijiko kimoja na nusu. Nikiumwa, natia. Siku ya kumzika mume wangu nilitia kwanza, ndipo nikaenda kukaa na wafiwa. Ukaja wewe, ukakaa hapa saa moja tu, ukaandika eti siweki."

Benadetha alitaka kusema namba zilisema, lakini namba hazina mkono wa kushika kalamu.

"Naomba maji ya bomba, mama. Kidogo tu."

Mboni alifungua bomba. Kipimo cha Benadetha ni rahisi: unatia kidonge kidogo kwenye kichupa cha maji, na kama mna klorini maji yanageuka rangi ya waridi. Kadiri ilivyo nyingi ndivyo waridi linavyokolea. Maji yaligeuka. Nukta tano tena. Akashika njia kwenda nyumba ya tatu, kwa Bi Fauzia, akakuta mtungi ule ule pale pale kwenye kona ya ukumbi, juu ya kigoda chake, na maji ya jana ndani.

Akatia kidonge. Waridi. Hafifu, lakini waridi. Nukta tatu.

Hii sasa ilikuwa mbaya kuliko sifuri. Wiki iliyopita maji ya jana hayakuwa na kitu, leo maji ya jana yana dawa. Alisikia sauti ya Eusebio kama yuko mlangoni: Umeona? Kaogopa mkutano, kaanza kutia. Benadetha alikuja kumwokoa mama wa watu, kumbe amembebea kisu cha pili. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Akanusa maji. Hayakunuka hospitali. Hayakunuka chochote ila udongo.

"Binti, tulia, utachimba kisima ukumbini kwangu," Bi Fauzia alisema. "Na wewe nawe una lawama. Mtu mkubwa kama wewe unakuja bila kutuma habari? Umenikuta na maji ya kunywa kuku. Toka hapo, nimwage haya nikuandalie."

"Hapana, bibi, haya haya yanatosha."

"Yanatosha kwenu. Hapa mgeni hapewi maji ya mtungi mkavu, usiofukizwa."

Kikongwe aliita mjukuu wake kutoka uani, maji yakamiminwa kwenye ndoo, mtungi ukasuguliwa ukapinduliwa jua lipite. Kisha Bi Fauzia akatoa chetezo, akaweka makaa mawili mekundu, akanyunyiza ubani na kijiti cha udi. Moshi mweupe ulipopanda, akaufudikiza mtungi juu yake, mdomo chini, kama mtu anayemfunika kifaranga kwa tenga.

Benadetha alikuwa anaandika kitu kwenye daftari. Kalamu ikasimama.

Harufu ile aliijua. Ilikuwa ya kanisani kwao Newala, Jumapili ya sikukuu. Tena ilikuwa harufu ya nyumba zote sita za wiki iliyopita. Siku ile aliingia nyumba hadi nyumba akisema moyoni, watu wa huku wanapenda kujifukiza. Kwao Newala hakuna aliyefukiza mtungi. Maji ya bondeni yakifika nyumbani yaliingia kwenye pipa la plastiki, na hakuna aliyeuliza yananukaje.

"Bibi, wiki iliyopita, siku moja kabla hatujaja. Ulifukiza?"

"Nani hakufukiza? Mwenyekiti Hussen alitangaza kwa kipaza sauti, wageni wa serikali wanakuja kuonja maji ya kijiji, kila nyumba iwe tayari. Tulifukiza wote, sisi na walio maskini kuliko sisi. Ubani ulikwisha dukani, wengine wakaja kuomba kwangu."

"Na siku za kawaida?"

"Siku za kawaida ni Ijumaa tu. Ama mtungi ukivunda. Unadhani ubani unaota kama mbaazi?"

Benadetha alijishika kichwa kwa mikono miwili. Kijiji kizima kilikuwa kimemwandalia yeye. Walimheshimu, na heshima yao aliipima, akaiandika sifuri.

Lakini kudhani si kupima. Alidhani mara moja, na angalia ilipomfikisha. Safari hii alitaka uwanja mmoja na filimbi moja. Akakimbia, alikimbia kweli, viatu mkononi kwa ajili ya mchanga, mpaka tangini.

"Mama Mboni, njoo. Njoo na ndoo mbili za maji ya bomba, yaliyochotwa sasa hivi. Nataka uyachote wewe, kwa mkono wako."

"Nije nifanye nini? Nijipeleke mwenyewe polisi?"

"Uje uone dawa inaibiwa na nani."

Mboni akafunga kibanda, akajitwika ndoo moja, nyingine akaikamata mkononi.

Walipofika kwa Bi Fauzia, ukumbi ulikuwa na wanawake wanane na watoto wasiohesabika, kwa maana habari za mwanamke wa serikali anayekimbia peku hazihitaji kipaza sauti. Benadetha alipanga vyombo vinne mkekani. Ndoo safi ya plastiki. Mtungi wa jirani ambao haukufukizwa tangu Ijumaa. Mtungi wa Bi Fauzia, moshi bado unatoka mdomoni. Na chupa ya kioo aliyoiosha mwenyewe, kisha akaifudikiza juu ya chetezo mpaka ndani pakawa na ukungu.

"Chupa ya nini?" aliuliza mama mmoja.

"Ili nisije nikausingizia udongo kosa la moshi. Kioo hakinywi maji wala hakili dawa."

"Ehe. Huyu sasa anaendesha kesi," mwingine akasema, na watu wakacheka.

Maji yakamiminwa kote kwa wakati mmoja, Mboni akimimina mtungini, wengine wakimsaidia. Benadetha akabonyeza saa yake ya mkononi. Kila dakika tano alichota kutoka kila chombo, akatia kidonge, akavipanga vichupa ukingoni mwa baraza mahali penye mwanga, kila safu na chombo chake.

Dakika ya tano, ndoo ya plastiki ilikuwa waridi lile lile. Mtungi wa Ijumaa ulipauka kidogo. Mtungi uliofukizwa ulibaki na rangi ya kucha za mtoto mchanga, na chupa vivyo hivyo. Dakika ya kumi, mtungi uliofukizwa ulikuwa mweupe. Chupa, nyeupe. Maji matupu, kama ya mvua.

Watoto ndio walioanza kuhesabu kwa sauti, wakitaka ya kumi na tano ifike. Ikafika, ikaja ya thelathini, ikaja saa nzima. Ndoo ya plastiki bado ilikuwa na waridi lake, nukta nne na zaidi. Mtungi wa Ijumaa ulibaki na nukta tatu, sawasawa na maji ya jana. Vilivyofukizwa havikurudisha rangi tena.

"Kwa hiyo dawa imekwenda wapi?" Mboni aliuliza. Alikuwa ameinama mpaka pua inakaribia vichupa.

"Imeshikana na moshi. Klorini ina njaa, mama. Moshi wa ubani umeacha mafuta yake ndani ya mtungi, na mafuta yale ndiyo chakula chake inachokipenda kuliko vyote. Inavila vijidudu polepole, lakini moshi inaufuata mbio. Ikishakula haibaki klorini tena, inakuwa kitu kingine. Kidonge changu hakikioni. Lakini pua inakiona. Nuseni."

Bi Fauzia alichota kwa kata, akanusa, akakunja uso. "Hospitali," akasema. "Wallahi hospitali tupu. Si niliwaambia?"

"Uliniambia, bibi. Sikuandika."

Mboni hakucheka wala hakushukuru. Alijipangusa mikono kwa kanga. "Haya umeyaona wewe na sisi wanawake," alisema. "Kesho watakaonyanyua mikono ni wanaume, na bosi wako atakuwa mezani. Utayasema?"

"Nitayasema."

"Tutaona."

Alhamisi saa kumi uwanja wa ofisi ya kijiji ulijaa. Gari la Eusebio lilikuwa limeegeshwa upande, na yeye ameketi meza kuu pamoja na mwenyekiti Hussen na mtendaji wa kijiji, aliyekuwa anaandika muhtasari kwenye daftari kubwa. Benadetha alifika na pikipiki, vumbi mpaka kope. Eusebio alimwita pembeni kwa kidole.

"Simu yako imezimwa siku mbili."

"Ndiyo, Injinia."

"Ukisimama pale ukasema ripoti ina makosa, hutasema wewe. Itakuwa ofisi nzima imesema. Unanielewa? Tusahihishe kimyakimya mwezi ujao, huyu mama apumzike kidogo, mambo yapoe."

"Mambo yatapoa kwako na kwangu. Kwake hayatapoa."

Akamwacha pale.

Hussen alipomaliza kusoma mashtaka na kuuliza kama kuna neno kabla ya kura, Benadetha alikuwa tayari mbele ya meza na chupa mbili za kioo, moja ikinuka ubani. Mboni alikuwa amesimama peke yake upande wa kulia. Hakuna aliyesimama karibu naye, si kwa chuki bali kwa ile hofu ya watu ya kusimama karibu na mtu anayeanguka.

"Wazee wangu, shikamooni," Benadetha alisema. "Mimi ndiye niliyeandika ile ripoti."

Akaeleza. Hakueleza vizuri. Aliruka hatua, akarudi nyuma, akataja atomu, watu wakaguna. Mzee mmoja akauliza kama wanafunzi wa siku hizi wanafundishwa na upepo. Basi akaacha kueleza. Akamwita mtendaji amimine maji ya bomba kwenye chupa zote mbili, akamwita Hussen ashike saa, akasema tungoje dakika kumi.

Dakika kumi za kungoja mbele ya watu mia tatu ni ndefu kuliko mwezi. Alizunguka meza mara nyingi mpaka Hussen akamwambia, "Binti, kaa, unatutia kizunguzungu," na hakukaa. Muda ulipotimia alitia vidonge. Chupa moja ikawa waridi. Nyingine haikuwa kitu. Akazipitisha zote mbili kwa watu waone, kisha wanuse, na ule mnong'ono ukaanza mbele ukaenda mpaka nyuma kwenye waendesha bodaboda.

Hussen aliweka saa mezani. "Kwa hiyo siku ile nilivyotangaza…"

"Ulitangaza vizuri, mwenyekiti. Watu walitupokea vizuri. Sisi ndio tuliopima tusichokijua."

Eusebio alikohoa. "Kwa hiyo mtaalamu wetu anakiri mbele ya kadamnasi kwamba alileta ripoti ya uongo?"

"Namba zilikuwa za kweli, Injinia," Benadetha alisema. Sauti ilipanda bila ruhusa yake. "Sifuri zote sita zilikuwa za kweli. Uongo ni yale maneno niliyoyaandika chini yake. Hayo niliyatunga ndani ya gari, nikiwa na njaa ya kurudi nyumbani, na wewe ulikuwepo. Mama huyu ametia dawa kila siku. Nimeyapima maji ya siku ambayo hakuna aliyemtazama, na dawa ilikuwepo. Mkimwondoa, mtaweka mtu mwingine, atatia kijiko kile kile, na siku ya wageni namba zitakuwa sifuri zile zile. Mtamwondoa na huyo?"

Kura ilipigwa. Mikono ya kumbakiza Mboni ilikuwa mingi kiasi kwamba mtendaji hakuhesabu. Wanawake walipiga vigelegele. Hussen alinyoosha mkono kumwashiria aje mezani, ambako ufunguo ulikuwa umewekwa juu ya karatasi tangu mkutano uanze.

Mboni alikuja mpaka mezani. Hakuuchukua.

"Mtendaji," alisema, "ndani ya daftari hilo mmeandika nini juu yangu?"

"Aa, mama, yale yamekwisha. Chukua ufunguo wako."

"Nimeuliza mmeandika nini."

Mtendaji alifungua ukurasa bila hamu. "Ajenda: wizi wa unga wa klorini uliofanywa na mtunza tangi."

"Uliofanywa."

"Nitakata mstari, mama. Hivi." Akakata.

"Kilichokatwa si bado kinasomeka? Kesho kutwa mimi nimekufa, mjukuu wangu anakuja kuomba kazi hapa, mtu anafunua anasoma chini ya mstari. Andika upya."

"Ukurasa mzima?"

"Mzima."

Watu walianza kuondoka, maana asri ilikuwa inapita. Eusebio aliingia garini na kupiga mlango, akasubiri kidogo kama atafuatwa, kisha akaondoka na vumbi lake. Mtendaji aliandika, akikunja uso, akisimama kuuliza tarehe, akisimama kutafuta kalamu nyingine. Mboni alisimama mbele yake muda wote, mikono kifuani, hakutikisika. Benadetha naye alijikuta amesimama kando yake na miguu yake haiendi popote.

"Mimi kusoma kwangu kwa tabu," Mboni akamwambia Benadetha mtendaji alipomaliza. "Nisomee wewe. Kwa sauti, hao waliobaki wasikie."

Benadetha alilichukua daftari. Akasoma ajenda mpya. Akasoma kwamba mkutano umemkuta Mboni Likwata hana kosa lolote, na kwamba dawa ilitiwa kila siku. Akafika kwenye mstari wa mwisho, ambao mtendaji aliuweka ama kwa haki ama kwa kisasi cha kuandikishwa ukurasa mzima: kwamba kosa lilikuwa la mpimaji, Benadetha Valentini, aliyeandika jambo ambalo hakulichunguza. Mtendaji alimwangalia, akingoja aombe mstari ufutwe.

Akausoma mpaka nukta, jina lake lote, kwa sauti ile ile. Kisha akaomba kalamu, akasaini pembeni.

Mboni alichukua ufunguo, akauvaa shingoni. Pale tangini foleni ya ndoo ilikuwa imefika barabarani, na watu walikuwa wameanza kuita.